Blanketi la Betri

Haya yote yametokea kweli, hapa hapa Bellevue, Joburg, Julai hii hii. Kama kuna neno nimelitia chumvi, vidole vyangu na vigande visikunjike tena.

Shufaa alikuwa ameshapiga stata mara nane. Ya tisa gari likajikohoza kama mtu anayeanza hotuba, halafu likanyamaza. Kwenye kiti cha nyuma ndoo mbili za chapati zilikuwa bado zinafuka, na chupa sita za chai zimefungwa taulo zisipoe. Karakana ya ushonaji ya Léocadie, kule Jeppestown, hufungua saa kumi na mbili na nusu. Mafundi wake hawashoni na njaa.

"Imekufa tena?" aliuliza Mzee Balthazar. Alikuwa amesimama kando ya gari na fulana tu, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mzee. Imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Ni baridi hiyo. Inaibana betri koo."

Mzee Balthazar, Mrundi, dereva mstaafu wa malori, alipanga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ile ambamo Shufaa alikuwa na chumba. Mtu mstaarabu, amejisomesha mwenyewe, na kwa umri wake bado ana sura. Mambo ya betri aliyajua kuliko waliozitengeneza.

"Mwaka mmoja, milimani kwetu, betri yangu iliganda ikawa jiwe," alisema. "Tukaibeba hadi kanisani, tukaiweka katikati ya kwaya, upande wa akina mama. Kufika ubeti wa tatu, taa za lori zikawaka zenyewe huko nje."

Shufaa hakucheka. Mwezi mzima sasa kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa amekwisha kubadilisha betri, na ile mpya nayo ikaamka maiti. Mzee akamshauri aegeshe gari huku nyuma, ligusane na kibanda chake, ukuta ulikinge na upepo. Akaegesha. Halafu mzee akaingia ndani, akatoka na blanketi lake zito la sufu.

"Lifunike boneti kila jioni. Mimi nina damu ya moto."

Machozi yalimlengalenga Shufaa siku ile. Kibanda chenyewe hakikuwa na umeme. Mwenye nyumba aliukata tangu Mei. Lakini yeye ni mtoto wa Tanga, na Tanga mzee akikupa kitu hukirudishi. Akalipokea kwa mikono miwili. Kila jioni akalifunika gari kama mgonjwa, na kila asubuhi gari likakataa vile vile.

Asubuhi hiyo majirani walilisukuma hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, ndipo likawaka. Alifika Jeppestown saa moja na robo. Léocadie alikuwa mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Dada Shufaa, mafundi wangu wamekunywa maji ya bomba. Kesho ukichelewa, kazi nampa yule mama wa Doornfontein."

"Yule anasukuma toroli."

"Toroli halina betri."

Hii ndiyo kazi iliyokuwa inalipia chumba na karo ya wanawe wawili kule Tanga. Shufaa akalipeleka gari moja kwa moja kwa Damien, fundi Mkongomani mwenye gereji mtaa wa pili. Damien akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Betri iko muzima, mama."

"Ni baridi inayoiua."

"Baridi inaipunguza nguvu, kweli. Lakini betri muzima haikufe na baridi ya Joburg. Kuna kitu kinainyonya." Akatafuta saa nzima, hakukiona. "Leo uitoe. Ilale chumbani kwako, tuone."

Jioni Shufaa aliifungua betri kwa spana, akaibeba hadi chumbani, akailaza juu ya gazeti kando ya kitanda. Hakumwambia mtu, maana mwanamke anayelala na betri atachekwa Bellevue nzima. Kisha akalifunika boneti kwa blanketi, kama kawaida.

Alfajiri umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya mabati, baridi ambayo mwaka huu haijaonekana. Shufaa alitoka amepakata betri ndani ya kanga. Mzee Balthazar alikuwepo pale pale kando ya gari, ila leo amevaa makoti matatu, soksi mikononi, pazia la dirisha kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Ma-marahaba." Meno yalikuwa yanagongana. "Eish, mwanangu, leo usijisumbue na stata. Baridi imeimaliza. Imekufa tangu jana usiku, haina hata tone."

Shufaa akamtazama. Akalivuta blanketi, akainua boneti.

Mahali pa betri palikuwa shimo tupu. Juu ya shimo, vibanio viwili, chekundu na cheusi, vilikuwa vimeng'ang'ania ncha za nyaya za gari, vimebanwa imara kabisa na mtu aliyezoea kupapasa gizani na kuvitoa kabla hakujakucha, ila leo vidole vimemganda. Kutoka hapo waya ulishuka nyuma ya tairi, ukapenya tundu la mabati, ukaingia kibandani hadi kwenye blanketi la umeme la madereva wa malori lililotandikwa kitandani.

Shufaa akaifunua kanga.

"Ilikufa saa ngapi, mzee?"

Mzee aliitazama betri, kisha akaanza kuzivua soksi za mikononi.

Sasa niacheni. Ni saa kumi alfajiri, Shufaa ameshagonga mabati yangu, na kilo kumi za unga wa chapati zinanisubiri nizikande, faini ya betri, kila siku mpaka Septemba. Maji ni ya barafu na vidole vimeanza kukataa kukunjika. Labda pale kwenye kwaya nilizidisha.