Waliacha Kumwita Saruni

Hata watoto waliacha kumwita Saruni.

Hamisa, mpishi, aligundua asubuhi, amechuchumaa anapuliza moto katika jiko la zahanati. Siku zote watoto wa Nainokanoka waliteremka kile kilima wakilipigia kelele jina hilo, na yule kijana wa Kizungu akatoka mbio kuwalaki, povu la sabuni shavuni. Leo walisimama mbali. Mmoja akasema, "Olashumpai," yaani mzungu, kama walivyomwita siku aliyofika. Dada yake akamvuta mkono, wakaondoka.

Kijana alitoka Denmark kuja kujitolea, kujenga zahanati na kufunga watu vidonda. Jina la kwao, Jorgen, liliwashinda wengi kulitamka. Mzee wa boma la jirani, jicho lake lilipopona, ndiye aliyemgawia jina lake mwenyewe, Saruni. Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Ijumaa gari lingekuja kumchukua, arudi kwa mama yake.

"Mama," kijana alimwuliza Hamisa, "watu wamekasirika mimi?"

"Kunywa chai, mwanangu."

Hakumwambia alichokijua. Marehemu mumewe aliwauzia Wamasai nguo na sukari miaka mingi, na aliwahi kumwambia: watu hawa hawalitaji jina la maiti. Mtu akifa, na jina linakufa. Na huyu alikuwa hai, anakunywa chai mbele yake, nao wameshaliacha jina lake.

Sababu walikuwa nayo. Juzijuzi mabwana wa serikali walikuja kuzungumza habari ya malisho ya kreta, lile shimo kubwa la volkano. Maneno yakawa makali, na kijana akaonekana ameketi ndani ya gari lao. Aliomba lifti tu, akachukue dawa mjini. Nani angeamini?

Mchana akapita Lembris, mtoto wa yule mzee. Zile nywele ndefu alizozisuka na kuzipaka rangi nyekundu alikuwa amezinyoa zote, kichwa kinang'aa.

Kijana alimkimbilia. "Lembris! Mimi nataka kuaga mzee."

Lembris alitazama chini. "Hayupo. Utaondoka bila kumwona."

Kinga ya kijana hapa ilikuwa mzee yule. Wamempeleka wapi? Na morani ananyoa nywele zake za fahari kwa jambo gani, kama si jambo zito?

Jioni akaja Nanyokie, mke wa mzee, na kibuyu cha maziwa kama kawaida yake. Masikio yalikuwa matupu. Hereni zake ndefu za shaba hazipo, wala shanga za shingoni. Siku nyingine angekaa jikoni wakacheka, kila mmoja akiiharibu lugha ya mwenzake. Leo hakukaa.

"Mpe anywe," alisema, akageuka.

Hamisa aliyanusa maziwa. Yalinuka moshi, kama siku zote. Lakini si kila sumu hunuka. Akasema Bismillahi, akayamwaga nyuma ya nyumba, akafukia kwa mguu.

Alipoinua uso, Nanyokie alikuwa bado amesimama njiani, anamtazama.

Alfajiri Hamisa aliswali haraka, akatuma neno Karatu kwa lori la ngozi, gari lije leo hii. Alasiri Msafiri, dereva, akafika na Landrova, vumbi hadi kwenye kope.

"Bi Hamisa, si mlisema Ijumaa? Na hata kikombe cha chai hunipi?"

"Utakunywa Karatu. Usizime gari."

"Mbona unatetemeka hivyo? Simba ameingia jikoni?"

"Msafiri, nakuomba. Twende!"

Alimsukuma kijana ndani pamoja na begi lake, viatu vyake vingine vikabaki juani. Akapanda naye, akamkalia karibu kama anayeficha kitu chini ya khanga. Kijana alilalamika kwamba hajaaga mtu. Hamisa alikuwa akivuta uradi, midomo mikavu.

Walipopinda kona ya chini, barabara ilikuwa imefungwa. Wanaume walisimama toka ukingo hadi ukingo, mikuki mikononi. Lembris yuko mbele. Wengine watatu nyuma yake nao walikuwa wamenyoa.

Msafiri akakanyaga breki. "Mama yangu," akasema, na safari hii hakutania.

"Usishuke, mwanangu," Hamisa akamshika kijana mkono. "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, usishuke."

Kijana akajitoa taratibu, akafungua mlango.

Hamisa aliishika kalima mdomoni. Alitaka kufumba macho, yakakataa.

Lembris aliuchomeka mkuki wake ardhini. Akamwendea kijana mikono mitupu, akamwekea kiganja kichwani kama mtu anavyomwekea mdogo wake.

"Ulitoroka mapema," alisema. "Tulikuwa tunakuja kwako. Tumekuacha siku hizi bila jina, na mtu hasafiri bila jina. Lile la kwanza, mzee mwenyewe amekwenda nalo. Sisi ndugu zako tumenyoa kwa ajili yake, tumekaa, tumekupa lingine. Wewe ni Tajewo."

Wanaume wakaitikia kwa pamoja. Kijana akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Nyuma yao akatokea Nanyokie na kibuyu kingine. Alikifungua, akamtazama Hamisa kupitia kioo cha gari, akapiga yeye funda la kwanza. Kisha akampa kijana.

Hamisa akashuka. Alisimama kando ya gurudumu, akavua vipuli vyake, kimoja, na cha pili, akavifunga kwenye pindo la khanga. Ndipo akamwendea mjane mwenzake.