Binti Mwenye Taa ya Kijani

Chuo cha ufundi hakisahihishi tena kazi za wanafunzi. Kinasahihisha namna wanavyofikiri. Kila mmoja huvaa utepe kwenye paji la uso, mpaka nyumbani. Anayefikiri hatua kwa hatua, taa ya utepe huwaka kijani. Anayerukia jibu humwakia nyekundu, na hafaulu hata akitengeneza jenereta la kijiji kizima.

Binti yangu Mwanahawa anasomea umeme. Zamani akisikia feni inakoroma tu, mkono umeshafika penye hitilafu. Walimfelisha. Muhula huu kawa wa kwanza darasani, nami sikufurahi hata kidogo. Nilijua kaiba. Pengine kavaa utepe wa mwenzake.

"Mwanahawa, niambie ukweli. Umefanyaje?"

Siku hizi hata shikamoo yake inachelewa, ananitazama kama ananipima.

"Nimejizoeza, mama."

"Usinifanye mtoto mdogo!"

Nilikuwa nachoma maandazi. Nilipogeuka kumkazia macho, kiwiko kikagonga karai na mafuta ya moto yakanimwagikia mguuni. Nikapiga yowe. Mwanahawa wa zamani angeshafika na ndoo ya maji kabla yowe halijaisha. Huyu alisimama palepale, ndoo iko ubavuni pake, midomo ikicheza polepole.

"Kwanza," alinong'ona, "chanzo."

Akazima jiko. Akasimama, akafikiri tena, huku ngozi yangu inababuka.

Kumbe hakuiba chochote. Taa kwenye paji lake iliwaka kijani, wala haikupepesa.