Mwanangu Kanywa?

Kila asubuhi Sikuzani aliunywesha mmea wa mumewe kata mbili za maji, huku akiuombea ufe.

Majirani pale Ruangwa waliona maji tu, maombi hawakuyasikia. Wakamsifu. "Mke ndiye huyo! Mume kaenda vitani Burma, yeye anamtunzia roho yake chunguni."

Mmea wenyewe haukuwa na jani hata moja. Ulikuwa vidole vinene vya kijani, vimejaa maji, vina meno ubavuni kama mamba mchanga. Siku Mbaruku alipoitwa jeshini, alivunja kidole kimoja kwenye miamba ya njia ya Mbekenyera, akakichomeka katika chungu cha mchanga sebuleni, mbele ya mama yake na mkewe.

"Huyu ni mimi," alisema. "Akiwa hai, niko hai. Akioza, kaeni matanga, na Sikuzani aolewe na amtakaye."

Akapanda lori.

Vita viliisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mama yake, Bi Sabaha, hakutoa chozi. Kila aliyemjia na pole alioneshwa chungu: "Pole ya nini? Si huyo hapo, kanenepa!" Shehe akatazama, jumbe akatazama, wote wakasema mamoja: mke wa mtu aliye hai haozwi. Basi Sikuzani, ambaye hakuwa na baba wala mama wa kumrudia, akaendelea kulima ufuta wa Bi Sabaha, kutwanga mtama wa Bi Sabaha na kumkanda Bi Sabaha miguu. Na kila asubuhi sauti ilitoka chumbani, chumba ambacho yeye, mke wa mwana, hakuruhusiwa hata kuchungulia.

"Sikuzani wee! Mwanangu kanywa?"

"Kanywa, mama."

Ndipo akatokea Yunusi, dereva wa lori la mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea. Alimpenda Sikuzani, akasema wazi, "Nakuoa hata leo. Ila sitaki kesi na mtu mwenye bunduki."

Sikuzani alikuwa amekwisha kuona, mwaka wa mvua kubwa, jinsi vidole vya miambani vilivyooza vyote. Akaanza na maji. Maji yaliposhindwa akatia chumvi, chumvi ya kuua hata mkorosho. Kila mara vidole vililegea, vikageuka rangi ya ini, vikainama. Alikwenda shambani akichagua moyoni kanga ya kulilia. Akirudi jioni, alivikuta vimesimama wima, kijani kibichi, vinamng'onga.

"Homa ndogo ilimpitia," Bi Sabaha alikuwa akisema. "Mwanangu mgumu huyo."

Mwaka mmoja mmea ulichanua. Ua lilikuwa kama nyota ya nyama, likanuka mzoga, nzi wakajaa sebule nzima. Bi Sabaha akapiga vigelegele, akachinja kuku. "Mwanangu kapandishwa cheo!"

Swalehe, aliyerudi kutoka Burma mzima isipokuwa sikio moja, alikuja kumla kuku huyo. Mkono mmoja ulishika paja, wa pili ulishika pua.

"Mama, mimi nimerudi na hiki," alisema, akavuta kibati chekundu chenye namba kilichoning'inia shingoni mwake. "Askari hakivui. Ukiona kimevuliwa, mwenyewe kazikwa, nacho hupelekwa kwao."

"Kwetu tarishi wa boma kapita mara moja tu," Bi Sabaha akajibu, "mkwe wangu yuko shamba. Kaomba maji ya kunywa, kaenda zake. Kula kuku, Swalehe."

Kisha Yunusi akapewa uhamisho.

"Kesho naenda Mtwara moja kwa moja," alimwambia Sikuzani kisimani. "Huyo mtu wako anakufa au hafi?"

"Atakufa."

Asubuhi yake Sikuzani alichemsha sufuria nzima ya maji, akaimimina chunguni yote. Vidole vilitokota, vikawa mlenda. Alikwenda shamba akiimba. Kabla jua halijawa kali akarudi mbio kuja kuanza kilio, akamkuta Bi Sabaha kwenye kigoda anatafuna muhogo. Chunguni vidole vimesimama, kijani, vinene kuliko jana.

Sikuzani alianguka magotini. "Mbaruku, nisamehe," alinong'ona. "Nimekuchemsha, na bado unaningoja."

Akaenda mpaka kwenye lori. "Nenda, Yunusi. Nina mume."

Yunusi hakubishana. Rabia, binti wa fundi cherehani, alikuwa amekwisha kaa mbele na furushi lake mapajani.

Sikuzani aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Bi Sabaha ameenda kwa jirani kuomba moto, mlango wa chumba chake ameuacha wazi, na ndani kuku anaparura. Sikuzani alibisha hodi, kwa adabu tu, akaingia kumfukuza. Kuku alikuwa chini ya kitanda. Sikuzani akainama.

Makopo ya maziwa yalikuwa yamepangwa ukutani, na katika kila kopo vilisimama vidole vinene vya kijani, vyenye meno ubavuni. Kopo moja lilikuwa tupu, udongo wake ungali mbichi. La mwisho, lenye kutu kuliko yote, kuku alikuwa amelipindua, na kati ya mizizi kilitokeza kibati chekundu chenye namba, kamba yake imeoza.

Nje, mkongojo wa Bi Sabaha uligonga kizingiti.

"Sikuzani wee! Mwanangu kanywa?"