Ufa wa Jumba Kuukuu

Mwalimu wa fasihi alikuwa amenogewa. Hadithi ya siku hiyo ilikuwa ya kale na ya kutisha: bwana mmoja mpole, mke asiyeshuka ghorofani, na jumba kuukuu lenye ufa uliozidi kupanuka.

"Ufa huo unaashiria nini?" aliuliza.

"Uzee wa jumba," alijibu mwanafunzi mmoja. Mwalimu akatikisa kichwa.

Binti yake, aliyesoma darasa hilohilo, akasimama. "Jumba limechoka kumfichia bwana siri yake, mwalimu."

Kifua cha mwalimu kilijaa fahari. "Siri gani? Hebu tufafanulie."

"Huko nje kila mtu anamsifu kwa upole. Nyumbani, mkewe anavaa nguo za mikono mirefu hata jua likiwaka, watu wasione alama."

Kurasa zikapekuliwa. "Hiyo mikono mirefu iko ukurasa wa ngapi?" aliuliza mwenzake.

Binti alikuwa amemkazia baba yake macho.

Mwalimu alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. Unga wa chaki ulibaki kwenye vifundo vya vidole.

"Haimo kitabuni," alisema. "Umekosea. Kaa chini."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti aliendelea kusimama.