Sharubu za Shebwana

Shebwana alikuwa ameweka rehani sharubu zake: Zaituni asipoteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora, zinyolewe mbele ya kadamnasi.

"Mwaka jana si walimruka?" alisema kinyozi Mbaruku, akimpaka povu uso mzima. "Majaji wale wanapenda sura nyeupe. Mweusi kama Zaituni kwao ni wa kufagia tu."

"Safari hii kaigiza hakimu," alijibu Shebwana. "Nimemtazama mpaka nikasahau kuwa nimemzaa mimi."

Redio ikaanza kutaja majina matano. La kwanza silo. La pili silo. Lilipotajwa la nne, wateja waliacha kucheka. Mbaruku akafungua wembe. Shebwana akafumba macho.

"Na wa mwisho," alisema mtangazaji, "ni Zaituni Shebwana!"

Kibanda kizima kikalipuka kwa vifijo. Mbaruku akashusha pumzi, akakunja wembe, akachukua taulo.

"Nikufute povu, mzee?"

"Ngoja kwanza," alisema Shebwana, macho bado kayafumba. "Huenda wakalirudia jina."

Machozi yakamteremka mashavuni, yakachimba vijia kwenye lile povu jeupe, na weusi wa ngozi yake ukaanza kuonekana.