Vidole vya Zambarau

Mkuu wa masijala aliitupa barua mezani. Ilikuwa na alama tatu za vidole, za zambarau.

“Nani kaichafua?”

Karani wake, Bi Mwanakheri, akaficha mikono. Alfajiri alitia rangi ukindu wa mkeka wa maonyesho ya Jumamosi, na rangi ikagoma kutoka vidoleni.

“Kitendawili!” akachokoza Faraji, karani mwenzake.

“Tega!” wakaitika wengine.

“Kajipamba vidole kama bibi harusi, harusi haipo.”

Wakacheka. Mkuu hakucheka. Aliandika mistari miwili, akamsogezea Mwanakheri karatasi.

“Tia sahihi kwamba mikeka basi, Bi Mwanakheri. Ukikataa, kazi basi.”

Mwanakheri akachukua kalamu. Ikasimama juu ya karatasi, wino ukajikusanya nchani, tone likanenepa, na ofisi nzima ikalitazama.