Kiberiti cha Lucie

Kisanduku cha kiberiti kilikuwa chini ya kofia ya Sebahire, na kila aliyemwomba moto njiani aliambulia kikohozi. Hamkuwa na njiti ndani. Mlikuwa na choo, kimefungwa vizuri kwa jani la mgomba, na shuleni kwa bintiye Lucie kilikuwa kinasubiriwa. Alitoka nacho kazini mbiombio, akakifikisha kabla kengele haijalia.

Amri ilibandikwa kwenye mlango wa darasa, mwaka ule wa 1954, na chini yake sahihi ndefu kama mkia wa panya. Kila mtoto alete choo ndani ya kiberiti, munganga apime. Mwenye minyoo aondoke, nafasi yake apewe mwingine, maana weusi hawajui usafi. Aliyeandika hayo hakuwahi kufua soksi zake mwenyewe. Hatujasahau.

Huo usafi Sebahire aliujua kuliko karatasi. Miaka tisa alikuwa boyi wa Mzungu huyo: alimchemshia maji ya kunywa, alimwoshea saladi kwa dawa ya zambarau, alimmwagia chombo cha haja kila alfajiri. Nyumbani kwake dawa ya zambarau haikufika. Mwaka uliopita Lucie alitapika mnyoo mbele ya darasa zima, na bado ndiye aliyewashinda wote kwa kusoma. Akifukuzwa, shule nyingine ya kumpokea haikuwepo.

Alhamisi munganga Cyprien alimwita.

"Papa Lucie, ikala."

"Niko muzuri hivi."

"Minyoo ya namna tatu. Huyu mutoto anakulaka udongo?"

Kicheko kikamponyoka Sebahire, akakizuia kwa kofia.

"Unacheka? Amri inasema aondoke leo."

"Munganga, dawa ya ile minyoo munapimaka na kilo ya mutu?"

"Ndiyo."

"Basi pima ya kilo mia moja."

Cyprien alichungulia dirishani. Lucie alikuwa anaruka kamba, miguu kama vijiti vya mtama. Akaweka kalamu chini.

"Papa, hii haikutoka kwa Lucie."

"Ya Lucie nitakuletea kesho. Lakini amri ni amri. Mwenye minyoo aondoke, nafasi yake apewe mwingine. Ni vile?"

"Ni vile." Cyprien akafuta jina la Lucie kwenye karatasi ya majibu, taratibu. "Sasa niandike jina ya nani?"

"Andika ile iko chini ya amri, pale ku mulango."